Kovu Nililolificha

Asubuhi ile nilikuwa kibarazani kwangu Magongo nikimenya muhogo, na mdogo wangu Nyevu alikuwa amechutama mbele ya jiko akipepea makaa. Alikuwa akinihadithia kisa cha kibarua mmoja wa Port Reitz ambaye jana yake alikula vipande sita vya muhogo wa kuchoma, akazidiwa na pilipili, akaomba maji kwa kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nyevu akasimama akamwigiza. Nilicheka hadi kisu kikaniponyoka.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Mama alimleta kutoka Rabai aje akae nami baada ya mume wangu, Mwaringa, kuingia jeshini na kupelekwa Bama kupigana na Wajapani. Nilikuwa sijajaliwa mtoto, na nyumba ilikuwa imepoa. Nyevu aliijaza. Kila siku alijitwika sinia la muhogo akaenda kuwauzia watu waliokuwa wakitengeneza uwanja wa ndege, na kila siku alirudi na hadithi.

Chumba cha pili alikaa Bi Mwanakombo, mjane wa Kiislamu kutoka Mtongwe. Ile sehemu ya kwao ilihitajika kwa mambo ya vita, wakahamishwa, naye akavuka akaja upande wetu na jembe lake na kuku wanne. Alipopita na ndoo tulimwamkia.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?"

"Salama, twashukuru."

"Mmesikia? Dresa wa hospitali yuaja kesho kuchanja ndui. Mkono wauma siku mbili tatu, basi. Mwende mapema, jua halijawa kali."

Tulimwambia tutakwenda. Ndivyo nilivyodhani.

Vita tulikuwa tumevizoea. Manowari zilijaa Kilindini, na sisi wa bara, ng'ambo ya kisiwa, tulizijua kwa moshi wake. Taa tulizivika makopo ili mwanga usionekane angani. Mizinga ya Likoni ilipokuwa ikifanyiwa majaribio tuliarifiwa kabla, na akina mama waliondoa vyungu rafuni visianguke. Siku hiyo hatukuarifiwa.

King'ora kililia kama saa nne. Kisha mizinga.

Nyevu alikuwa ameshaondoka na sinia lake.

Nilikimbia kuelekea Port Reitz, kinyume na watu wote. Walikuja mbele yangu kama maji, wengine na watoto, mmoja na cherehani kichwani. Juu kulikuwa na ndege moja, ndogo kama inzi, na vijiwingu vyeusi vikipasuka kandokando yake.

Nilimkuta Nyevu kwenye mikoko, matope hadi magotini, sinia amelishika juu ya kichwa.

"Dada," akasema, "wote wamekimbia hawajalipa."

Tulikumbatiana tukacheka tena.

Hakuna bomu lililoanguka. Baadaye tuliambiwa ndege ile ilikuwa yetu wenyewe. Lakini watu hawakurudi kuwa walivyokuwa asubuhi. Kwa majuma kadhaa ndui ilikuwa ikitambaa kutoka kambi za vibarua, na nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamekwisha kutolewa watu wawili waliofunikwa shuka na kupelekwa kwenye mahema ng'ambo ya hori la bahari. Mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili. Waliotoka bara walisema mahindi yamekauka yakiwa marefu kama goti. Vita, njaa, ugonjwa, na sasa moto angani. Aliyelelewa katika kanisa hakuhitaji kuambiwa mambo hayo yanafanana na nini.

Hata hivyo alikuwepo mtu wa kutuambia. Jina lake Zakaria, na sisi tulimwita Mwalimu. Zamani alikuwa mhubiri katika misheni moja ya bara, wakakosana, akaja Magongo kuanzisha ibada yake chini ya banda la makuti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza kusoma tena. Msomaji wake nilikuwa mimi. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu kwa kuwa ndiko makosa yalikoanzia. Nilipenda kusikilizwa. Nilipokuwa nikisoma, wanaume wazima walinyamaza.

Jioni ya siku ile banda lilifurika hadi nje.

"Rahel," Mwalimu aliniita kwa jina langu la ubatizo, "tusomee Ufunuo, pale penye habari za alama ya mnyama."

Nilipajua. Nilisoma polepole, nikikazia maneno kama alivyonifundisha. Nilipomaliza, Mwalimu alisimama akauliza kwa sauti ya chini, "Kesho mwaletewa nini mikononi mwenu?"

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alifunika mkono wake kwa kanga.

Mkono wangu wa kushoto, juu karibu na bega, ulikuwa na kovu la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti. Nilichanjwa shuleni nilipokuwa na miaka minane, Nyevu akiwa bado ananyonya. Jioni ile gauni langu lilikuwa la mikono mirefu. Nilivuta kitambaa nikakishika kwenye kiganja, nikakaa.

Dresa alipokuja, nusu ya mtaa walijificha. Sisi tulifunga mlango. Nyevu alinitazama kwa mshangao.

"Na wewe je, dada? Si unayo?"

"Nyamaza. Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto, sikujua. Mungu atanisamehe. Wewe ukienda sasa utakuwa unajua."

"Kwa hivyo ni dhambi kwangu, kwako si dhambi?"

"Usimwambie mtu, Nyevu. Watanitenga."

Akasema, "Sitamwambia mtu."

Bi Mwanakombo alirudi na pamba mkononi, akabisha mlango wetu kwa ngumi. Nilipofungua hakuingia.

"Yule bwana angalipo kwa jumbe. Mpeleke mtoto."

"Mama, sisi tuna imani yetu."

"Imani! Hata mimi nasali, wallahi. Nimesali, kisha nimetoa mkono." Aliniangalia kitambo. Nadhani aliwahi kuniona kisimani nikiwa nimejifunga kanga, kwa maana macho yake yalitua pale pale begani. Alipunguza sauti. "Basi nasikia mwataka kusafiri na huyo mwalimu wenu. Niachie Nyevu. Nitamtunza kama wangu."

Nikamwambia hapana, mdogo wangu hawezi kukaa mbali nami. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba nikimwacha, watu wangeuliza kwa nini.

Mwalimu Zakaria alikuwa ameota mlima. Ulikuwa mbele ya Mariakani, alisema, wa mawe, una maji juu yake, na wale watakaokuwa pale bila alama watapitwa na ghadhabu. Tuliondoka watu ishirini na wanane, alfajiri ya siku ya tatu tangu king'ora, tukiacha barabara na reli kwa sababu polisi walikuwa wakiwazuia watu kutembea ovyo wakati wa ugonjwa. Tulibeba unga, chumvi, vibuyu vya maji na vitabu vya nyimbo.

Siku ya kwanza ilikuwa karibu na furaha. Tuliimba. Nyevu alibeba mtoto wa mwenzetu mgongoni na kumwigiza kila mtu anavyotembea. Siku ya pili tulipita chini ya Rabai. Niliiona minazi ya kwetu upande wa kuume, hata moshi wa mtu aliyekuwa akipika. Nikamwomba Mwalimu tupite tumsalimu mama.

"Aliyeshika jembe haangalii nyuma," akasema kwa upole. Hakuwa mkali kamwe. Ningeweza kutoka kwenye mstari nikaenda, hakuna ambaye angenishika. Nyevu alitazama minazi ile mpaka ikapotea.

Baada ya Mazeras nchi ilibadilika. Vichaka vilikuwa vya kijivu na ardhi imepasuka. Tulifika kijiji ambacho milango yake ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba. Mara ya kwanza tulifikiri wenyewe wamehama, wamezuia mbuzi. Kisha mmoja wetu aliona kwamba miiba ilikuwa imefungwa kamba kutoka nje, na ndani mtu alikuwa akikohoa.

Hatukufungua.

Njiani tulikutana na mzee mwanamume amekaa, mgongo ameutegemeza kwenye kichuguu. Uso wake wote ulikuwa malengelenge, hata kope. Alitusikia tukiimba akaanza kuimba nasi. Aliujua wimbo wetu. Tulimzunguka kwa mbali, naye akaendelea kuimba nyuma yetu.

Siku ya tatu, mchana, tuliona kanisa. Lilikuwa dogo, la udongo na bati, na msalaba wa mbao juu. Kando yake palikuwa na uwanja uliofagiliwa. Watu walifurahi. Wengine walianza kukimbia.

Harufu ilitusimamisha.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi.

Walikuwa wamekaa kama wanaongoja ibada ianze. Wengine walikuwa wameinama, wengine wamelala ubavu. Walikuja kuomba wakiwa wagonjwa, wakafia pale. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba kanisa lilikuwa na sauti.

Mwalimu hakuona. Aliuliza, "Kuna nini?" Mtu akamwambia. Alipiga magoti mchangani akavua kofia.

Ndipo tukasikia.

"Maji."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka mbele, karibu na meza.

"Maji, jamani."

Watu walirudi nyuma. Mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema tuondoke, tuondoke. Mwalimu alikuwa akiomba kwa sauti na sidhani kama alisikia.

Nyevu alikuwa kando yangu. Aligeuka akaniangalia. Kwanza usoni, kisha mkono wa gauni langu.

"Dada?" akasema.

Neno hilo moja tu. Nilijua anauliza nini. Kati ya watu wote waliokuwa uwanjani, mmoja angeweza kuingia mle akatoka salama, na sisi wawili tulimjua.

Sikusogea.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Siku zingine nasema niliogopa nikiingia na nisiugue watagundua. Siku zingine nasema nilikuwa nimejisomea mwenyewe mpaka nikasadiki kwamba kovu ni laana, si kinga. Yote ni kweli kidogo. Lakini nadhani kubwa lilikuwa jepesi zaidi ya hayo. Niliwaogopa wale wafu.

Nyevu alimrudishia mwenzetu yule mtoto aliyekuwa amembeba. Akachukua kibuyu, akajifunika pua kwa kanga, akaingia.

Tulimsikia akisema na mtu kwa sauti ya kawaida, kama anavyozungumza na wateja. Alikaa muda wa kupika uji. Alitoka akimburura yule mwanamke kwa makwapa, akamlaza kivulini nyuma ya kanisa, akamwachia kibuyu na unga wetu nusu. Kisha akanawa kwa mchanga na kurudi kwenye mstari. Watu walimwachia nafasi mbele na nyuma. Mimi nilitembea karibu naye, na wakasema kumbe Rahel ana imani kubwa.

Mlima tuliukuta. Ulikuwa wa mawe kama alivyoota, lakini maji yalikuwa tope kwenye ufa wa mwamba, la kuchujwa kwa nguo. Tulijenga vibanda vya matawi tukangoja mwisho. Kila asubuhi nilisoma. Mbali sana, kwenye reli, tuliona moshi wa treni zikipita na askari, na Mwalimu alisema ni majeshi yanayokusanyika.

Siku ya tisa pale mlimani Nyevu alisema mgongo unamuuma. Siku ya kumi alikuwa moto. Baada ya siku tatu homa ilishuka kidogo, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake nikaona madoa kinywani mwake, kisha usoni, kisha viganjani.

Hakuwa peke yake. Mtu mmoja alitoka Magongo na ndui tayari mwilini, na wanne wengine walikuwa wamelala. Kibanda cha wagonjwa kilitengwa chini ya mwamba, nami nikaenda kuishi humo. Ndiyo, huko niliingia. Nilipokuwa nimechelewa nikawa shujaa.

Malengelenge yalipokutana uso wake haukujulikana tena. Sauti ndiyo iliyobaki kuwa yake. Siku moja nilikuwa nikimpangusa, nimekunja mikono ya gauni kwa sababu ya joto. Macho yake hayakuweza kufunguka. Alipapasa hadi akapata bega langu, kidole kikakaa juu ya kovu.

"Sikumwambia mtu," akasema.

Hakusema kwa lawama. Alikuwa akinitoa wasiwasi. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa kupata neno la kuanzia, nikamwambia, "Lala, mdogo wangu, lala." Aliishi siku mbili zaidi. Alizungumza mara moja tu, kuuliza kama sinia liko wapi.

Alikufa mchana, watu wakiwa juu wanaimba.

Tulimzika mimi na Mwalimu Zakaria, kwa jembe moja, naye akichimba kwa kupapasa. Lazima niseme ukweli juu ya mtu huyu. Hakuwa mwongo. Aliwabeba wagonjwa kwa mikono yake, na alichosema alikiamini. Tulipomaliza kupanga mawe nilichukua mkono wake nikauweka begani kwangu.

"Ni nini hiki?"

"Ni chanjo, Mwalimu. Tangu nikiwa na miaka minane."

Vidole vyake vilizunguka kovu lile mara mbili, mara tatu.

"Nawe umelala nao wote hawa. Huumwi?"

"Siumwi."

Alikaa chini juu ya mchanga mpya. Alikuwa mzee ghafla.

"Mbona hukuniambia, binti yangu?"

"Ungenifukuza."

Alikuwa mtu wa haki.

"Ndiyo," akasema. "Ningekufukuza. Lakini wangekuona unavyoondoka na mkono wako, na kuna ambao wangekufuata."

Jioni ile aliwakusanya watu akawaambia ameota vibaya, washuke. Hakueleza zaidi, wala hakunitaja. Yeye mwenyewe homa ilikuwa imekwisha kumwingia. Alibaki na wale wasioweza kutembea, na sikumwona tena.

Tulioshuka tulikuwa kumi na mmoja. Lori la jeshi lilitukuta karibu na reli, askari wakatupeleka kwenye kambi ya mahema, wakatuchanja. Dresa wa pale, kijana wa kutoka bara ya mbali, alishika mkono wangu akaona kovu, akaniachilia.

"Wewe hukuwa na haja ya kukimbia, mama," akasema. "Una bahati."

Nilipotoka kambini sikwenda Magongo. Nilikwenda Rabai.

Mama yetu aliitwa Mbeyu. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani kila Jumapili, tangu kabla sijazaliwa, akafagia na kupanga mabenchi. Alinikuta mlangoni peke yangu, akaangalia nyuma yangu njiani. Hakupiga kelele.

"Alikufa vipi?"

Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha kusema. Maneno nilikuwa nayo yote.

"Ni mapenzi ya Mungu, mama," nikasema.

"Mapenzi gani hayo?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli, akitaka nimjibu, na mimi nikainama nikalia.

Jumapili iliyofuata hakwenda kufagia. Wala iliyofuata. Mchungaji alikuja, akaja tena na wazee wa kanisa. Mama aliwapa viti na maji ya dafu, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambieni Mungu akinipa Nyevu wangu, nitarudi. Mimi sikumkosea kitu." Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwenye mkeka, nikichambua mchicha.

Vita viliisha. Mwaringa alirudi kutoka Bama, mwembamba, hapendi kelele. Yeye nilimwambia yote. Alinisikiliza akasema vita ndivyo vilivyo, hufanya watu wasiwe watu. Alisema kwa huruma, na kuna usiku alihitaji kuliamini neno hilo kwa mambo yake mwenyewe, sikubishana naye. Lakini mimi silikubali. Vita vilileta manowari na mizinga na ile ndege, labda vilileta hata ndui. Havikuvuta mkono wa gauni langu. Havikunishika miguu mbele ya lile kanisa.

Bi Mwanakombo alirudi Mtongwe walipopewa ruhusa. Nilimtembelea mara moja. Alinikaribisha, akanipikia, hakuniuliza kitu. Nilipoaga alisema tu, "Ningemtunza, mwanangu." Sikurudi tena kwake.

Mama aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitamwambia. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemrudishia Mungu wake, na lingemnyang'anya binti aliyebaki. Nilijitetea kwamba namwonea huruma yeye. Nilikuwa najionea huruma mimi.

Alipokuwa mahututi alikataa kuombewa. Alikataa kwa adabu, kama alivyokataa siku zote, na tukamzika bila wimbo, nyuma ya nyumba, kama alivyoagiza. Mtu aliyekuwa amelifagia kanisa lile miaka na miaka. Waombolezaji walinipa pole, wakasema Mungu ndiye ajuaye kwa nini mama yangu alimkasirikia hivyo.

Nilipokea pole zao. Mungu alijua, na mimi nilijua, na mama alikufa akimlaumu asiyehusika.